Mwenye Nyumba Akikataa Kuongeza Mkataba: Mwongozo Kamili kwa Mpangaji wa Dar es Salaam

Mama yangu alipanga vyumba viwili Tabata kwa miaka 11, na katika muda huo wote ushahidi wake wa upangaji ulikuwa kaunta buku moja yenye jalada jeusi, aliyoihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati. Kila baada ya miezi sita mwenye nyumba aliandika tarehe na kiasi, kwa tarakimu na kwa maneno, kisha wote wawili wakatia saini. Mwaka wa mwisho ukurasa ulibaki mweupe. Mwenye nyumba alipiga simu akasema kodi isipelekwe tena, kwa kuwa kijana wake anaoa na anavihitaji vile vyumba. Majirani wakamwambia mama asihangaike, kwani sheria inampa mpangaji miezi mitatu ya kukaa bure. Mama akawaamini, akanyamaza. Wiki ya tano alirudi kutoka sokoni akakuta kufuli jipya mlangoni, na ndani zilikuwamo dawa zake za presha na ndoo ya unga aliosaga jana yake.

Mwenye nyumba alikosea kufunga mlango. Mama naye alikosea kuamini kwamba ukimya ni haki. Makosa hayo mawili nimeyaona yakirudiwa Mbagala, Sinza, Kimara na Buguruni, na ndiyo sababu ya kuandika mwongozo huu hatua kwa hatua.

Sheria inasema nini hasa

Imani ya kwamba mwenye nyumba hawezi kumwondoa mpangaji bila sababu haikuzuka hewani. Ilikuwapo Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango ya mwaka 1984, iliyoweka mipaka ya kodi na kumtaka mwenye nyumba awe na sababu inayokubalika kabla ya kumwondoa mtu. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Wazee wengi waliopanga Magomeni na Kariakoo miaka ile bado wanaizungumzia kana kwamba ipo, na vijana wanarithi maneno yao. Tangu ilipofutwa, uhusiano wa mpangaji na mwenye nyumba unaongozwa kwa sehemu kubwa na mkataba wao wenyewe, Sheria ya Ardhi (Sura ya 113) na Sheria ya Mikataba (Sura ya 345).

Maana yake ni nzito na inafaa isemwe bila kuzungukwa. Mkataba wenye tarehe ya mwisho unapofika mwisho, mwenye nyumba halazimiki kuuongeza, wala halazimiki kutoa sababu, isipokuwa kama mkataba wenyewe ulimfunga kufanya hivyo. Hakuna miezi mitatu ya bure. Hakuna pia kiwango cha juu cha kodi kilichowekwa na serikali kwa nyumba za watu binafsi, hivyo mwenye nyumba anaweza kukataa kuongeza mkataba wa zamani kwa sababu tu anataka kodi kubwa zaidi kwa mpangaji mwingine.

Haki za mpangaji zimo katika namna ya kuondoka: kukaa kwa utulivu mpaka siku ya mwisho ya muda aliolipia, kupewa notisi pale inapostahili, kurudishiwa fedha zake, kutoguswa mali yake, na kutoondolewa kwa nguvu. Hizi ni haki za kweli na zinadaiwa. Anayezijua anaondoka na vyombo vyake vyote, akiwa na fedha ya kulipia nyumba nyingine.

Hatua ya kwanza: fahamu uko katika upangaji wa aina gani

Kabla ya kubishana na mtu yeyote, kaa chini na karatasi zako. Kila kitu kinachofuata kinategemea jibu la swali hili.

Kama una mkataba wa maandishi wenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, soma kwanza kipengele kinachohusu kuongeza muda. Mikataba mingi inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi huwa na sentensi kama "mkataba unaweza kuongezwa kwa makubaliano ya pande zote mbili". Sentensi hiyo haikupi haki ya kuongezewa. Inakupa haki ya kuomba tu. Mambo ni tofauti kabisa kama imeandikwa kwamba mpangaji "atakuwa na haki ya kuongeza mkataba" kwa muda fulani, akitoa taarifa siku kadhaa kabla. Hapo mwenye nyumba amejifunga, na ukitoa taarifa kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa, hukuvunja masharti mengine na kodi haidaiwi, kukataa kwake ni kuvunja mkataba. Wapangaji wengi wamepoteza haki hii kwa kuchelewa kutoa taarifa kwa wiki moja au mbili.

Usidhani kwamba kukosa karatasi ni kukosa upangaji. Sheria ya Ardhi inatambua upangaji wa muda mfupi, yaani wa mwaka mmoja au chini ya hapo, hata kama umefanywa kwa mdomo. Kaunta buku la mama yangu lilikuwa ushahidi halali. Ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha fedha zimekwenda kwa mwenye nyumba nao ni ushahidi, na mazungumzo ya WhatsApp yanaweza kupokelewa pia, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo. Usifute chochote, na usibadilishe simu kabla ya kuhamisha ujumbe.

Pale ambapo hakuna muda wa mwisho uliokubaliwa na unalipa mwezi kwa mwezi, upangaji wako ni wa vipindi. Kila upande unaweza kuusitisha, lakini kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha malipo. Anayelipa kila mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja, na simu ya "Jumapili uwe umeondoka" haitoshi. Ugumu unakuja kwa wanaolipa miezi sita bila mkataba, kama ilivyo kawaida ya jiji hili. Mwenye nyumba atasema miezi sita ndiyo ulikuwa muda wa mkataba, nawe utasema ni kipindi tu cha malipo katika upangaji usio na mwisho. Hoja zote mbili zinajengeka, na atakayesikilizwa zaidi ni yule mwenye maandishi. Kwa hiyo, hata kama wewe na mwenye nyumba mnaelewana kama ndugu, risiti au daftari liandikwe kodi ni ya kuanzia lini hadi lini, na nini kitafuata baada ya hapo.

Hali ya mwisho ni ya mtu ambaye muda wake umekwisha lakini bado anaishi humo. Kama mwenye nyumba hajaridhia, masharti yote ya mkataba wa zamani yanaendelea kumfunga mpangaji mpaka atakapotoka, ikiwamo kulipa kodi. Mama yangu hakulijua hilo. Zile wiki tano alizokaa kimya zilikuwa deni linalokua. Kwa upande mwingine, mwenye nyumba akiendelea kupokea kodi kwa miezi miwili baada ya mkataba kumalizika huku mpangaji yumo ndani, Sheria ya Ardhi inahesabu kwamba upangaji mpya wa mwezi kwa mwezi umezaliwa, na kuanzia hapo lazima atoe notisi. Kupokea kodi mara moja tu hakutoshi kumfanya aonekane ameridhia. Watu wengi hujikwaa hapo, wakidhani muamala mmoja uliopokelewa umemaliza kesi.

Hatua ya pili: pata kauli yake kwa maandishi, nawe ujibu kwa maandishi

Akikwambia kwa mdomo, usigombane naye. Msikilize, kisha siku hiyohiyo mwandikie ujumbe wa heshima unaorudia alichosema. Ujumbe huo unatunza tarehe, na tarehe ndiyo inayotafutwa baadaye. Kwa mwenye nyumba mtu mzima unaweza kuandika hivi:

"Shikamoo Baba. Leo tarehe 3 umenieleza kwamba mkataba wangu wa vyumba viwili unaomalizika tarehe 30 ya mwezi ujao hutauongeza. Nimekuelewa. Naomba unithibitishie tarehe ya kukabidhi funguo, utaratibu wa kurudisha fedha ya dhamana niliyokupa, na kama utaniruhusu kuongeza mwezi mmoja kwa malipo ya kodi ileile ili nipate mahali. Nakushukuru kwa muda wote niliokaa kwako."

Ujumbe huu haumkosei mtu adabu, lakini unaeleza mambo matano: kauli yake, siku aliyoitoa, mwisho wa mkataba, dhamana na ombi lako. Hata asipojibu, upo. Kama hatumii simu ya kusoma ujumbe, andika barua nakala mbili, mpelekee ukiwa na shahidi, na umwombe asaini nakala yako. Akikataa kusaini, shahidi aandike jina lake, tarehe na saa.

Kosa linalofanywa sana katika hatua hii ni kukimbilia kutuma kodi ya miezi sita kwenye simu ya mwenye nyumba baada ya yeye kusema hataki, ili "kumfunga". Anaweza kuirudisha siku hiyohiyo, na wewe utaonekana uliyekuwa na hila. Mbaya zaidi, anaweza kukaa nayo na kuendelea kukudai utoke, nawe uanze kuidai fedha yako huku ukihitaji fedha nyingine ya kupangia kwingine.

Hatua ya tatu: hakikisha anayekukatalia ana mamlaka hayo

Katika Dar es Salaam hatua hii si ya kupita haraka. Nyumba nyingi za Temeke, Ilala na Kinondoni ni za urithi, na unaweza kukuta kaka mkubwa anakusanya kodi, dada anaishi uani, na mdogo wao anakuja kutoka Morogoro akiwa na notisi mkononi. Kifo cha mwenye nyumba hakifuti mkataba wako. Mwenye mamlaka juu ya nyumba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hivyo ni haki yako kuomba nakala ya barua ya usimamizi kabla ya kukubali notisi au kulipa kodi kwa mtu mpya. Omba kwa upole, tena kwa maandishi. Kama warithi wanavutana, mwambie kila mmoja kwamba kodi ipo tayari na italipwa kwa atakayethibitishwa, kisha iweke fedha hiyo kando kwelikweli. Mpangaji aliyeitumia kodi kwa kisingizio cha mgogoro wa warithi huishia kudaiwa na wote.

Nyumba ikiuzwa, mnunuzi anaichukua pamoja na wapangaji waliomo kwa muda waliobakiwa nao. Uliyelipa mpaka Desemba hupaswi kutolewa Agosti kwa sababu tu nyumba imepata mwenyewe mpya. Muulize muuzaji na mnunuzi, mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, nani atawajibika na kodi uliyokwisha kulipa na dhamana yako, na makubaliano yaandikwe.

Dalali wa nyumba si mwenye nyumba. Akikupigia kusema "mzee hataki tena", mjibu kwamba unasubiri kauli ya mzee mwenyewe. Ninazo habari za chumba kimoja Manzese ambacho dalali alimwondoa mpangaji ili apate kamisheni ya mwezi mmoja kwa mpangaji mpya, wakati mwenye nyumba aliyekuwa safarini hakujua lolote.

Hatua ya nne: omba muda, na ujue unacho cha kutoa

Kwa kuwa huwezi kumlazimisha akuongezee mkataba, nguvu yako kubwa ni mazungumzo, na mazungumzo yanahitaji kitu mkononi. Wenye nyumba wengi wanaogopa mambo mawili: mpangaji asiyetoka na mpangaji anayeacha madeni. Mwondolee hofu hizo. Mwambie utalipa kodi ya mwezi kwa mwezi kwa muda wa ziada, utaruhusu mpangaji mpya aje kuona nyumba kwa miadi, na utaondoka tarehe fulani bila kusukumwa. Kisha muandike karatasi ya aya mbili yenye tarehe hiyo, kiasi cha kodi, na sentensi inayosema malipo haya hayahesabiwi kuwa mkataba mpya. Sentensi hiyo inamlinda yeye zaidi kuliko wewe, na ndiyo itakayomfanya akubali kukupa muda.

Kuwa mwangalifu na ahadi za "kaa tu, tutaongea". Mpangaji aliyekaa kwa maneno hayo hana tarehe, na asiye na tarehe anaweza kuamshwa wakati wowote.

Kama umefanya matengenezo kwa makubaliano kwamba gharama zitakatwa kwenye kodi, hesabu hiyo ifungwe sasa, kabla hujatoka. Weka mezani risiti za hadwea, jina la fundi na picha. Uliyeweka vigae au kujenga choo cha ndani bila makubaliano yoyote uko katika nafasi dhaifu, nami siwezi kukupa matumaini makubwa. Vitu vinavyofungukika bila kuharibu nyumba, kama vile feni, tangi la maji, pazia na kabati, ni vyako, na unaondoka navyo. Kilichojengewa kwa kawaida kinabaki na nyumba.

Mazungumzo haya yanapofanyika ofisi ya serikali ya mtaa, yanakuwa na uzito ambao hayana sebuleni. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kumwamuru mwenye nyumba aongeze mkataba, wala ya kukuamuru wewe utoke. Anachoweza kufanya ni kuwakutanisha, kushuhudia makubaliano na kuyagonga muhuri. Mama yangu alipata mwezi mmoja na nusu namna hiyo, baada ya kufuli kufunguliwa. Alilipa wiki tano za nyuma, akalipa na za mbele, na karatasi ile aliibandika kwenye ukurasa mweupe wa kaunta buku.

Fremu za biashara

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Sinza anaumia zaidi mwenye nyumba anapokataa, kwa sababu wateja wamezoea mlango ule. Sheria haimpi ulinzi wa pekee wa kubaki. Lililo gumu zaidi ni kilemba, yaani fedha anayopewa mpangaji aliyemo ili akuachie fremu. Ukitoa kilemba kwa mpangaji anayetoka, mwenye nyumba hakuhusika na hatakurudishia. Mkataba wake na wewe unaweza kwisha baada ya mwaka, na fedha ile ikawa imekwenda. Kabla ya kutoa kilemba, mwenye fremu mwenyewe asaini muda utakaoruhusiwa kukaa na haki ya kuongeza mkataba. Kwa aliyekwisha kutoa, jambo la msingi ni kuomba muda wa kuuza mzigo na kuweka tangazo la mahali anapohamia. Kumbuka pia kwamba leseni ya biashara na taarifa zako za Mamlaka ya Mapato zinataja eneo, hivyo zianze kubadilishwa kabla ya siku ya kuhama.

Kwa biashara na kwa nyumba za kodi kubwa, hakikisha mkataba umelipiwa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Mkataba usiolipiwa ushuru huo unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu, na hilo hugundulika siku ya shauri, mbele ya mtu unayemdai.

Akitumia nguvu

Kubadilisha kufuli, kung'oa mlango, kuezua bati, kukata umeme au maji, kutoa vyombo nje: haya yote yanafanyika katika jiji hili, na yanafanywa hata na watu waungwana waliochoshwa. Mwenye nyumba ambaye mpangaji wake amegoma kutoka anatakiwa kwenda kwenye chombo cha sheria apate amri, na utekelezaji wa amri hiyo hufanywa na dalali wa mahakama au wa baraza aliyeidhinishwa, mwenye hati mkononi. Sheria ya Kanuni za Adhabu inahesabu kuingia kwa nguvu katika nyumba ili kuitwaa kuwa ni kosa, hata kwa mtu mwenye haki ya nyumba hiyo.

Ukikuta umefungiwa nje, usivunje kufuli. Najua ni vigumu ukiwa na mtoto mgongoni na jua linazama. Lakini ukivunja, habari inageuka kuwa ya uharibifu wa mali, na wewe ndiye utakayeanza kujieleza. Piga picha ya mlango na kufuli, ikionyesha saa. Waite mjumbe na majirani wawili washuhudie. Nenda kituo cha polisi, eleza kwamba umefungiwa na mali yako imo ndani, na uombe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Huenda ukaambiwa hilo ni shauri la madai; jibu kwamba unaomba tu lirekodiwe, na utaje vitu vya dharura vilivyomo, kama dawa, vyeti, au sare za watoto wa shule. Kwa mama yangu ilikuwa dawa za presha ndizo zilizofungua mlango. Mwenye nyumba alipoulizwa kama yuko tayari kujibu lolote likimpata mama huyu usiku, alileta ufunguo mwenyewe.

Usiku huohuo andika orodha ya kila kilichokuwa ndani, chumba kwa chumba, pamoja na thamani yake kadiri unavyokumbuka. Orodha iliyoandikwa usiku wa tukio inaaminika kuliko iliyoandikwa miezi mitatu baadaye.

Baraza la Kata na Baraza la Ardhi na Nyumba

Mgogoro usipomalizika mtaani, unakwenda Baraza la Kata. Zamani Baraza la Kata liliamua migogoro ya ardhi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake katika migogoro hiyo ni kusuluhisha. Peleka maelezo yako kwa maandishi, ukurasa mmoja unatosha: nani, nyumba gani, mkataba ulianza na kuisha lini, nini kimetokea, unaomba nini. Mawakili hawaruhusiwi kuwakilisha watu pale, jambo ambalo ni nafuu kwa asiye na fedha. Nenda na nakala za vielelezo, halisi ubaki nazo.

Baraza lina siku 30 za kusuluhisha. Likishindwa linatoa cheti cha kueleza hivyo, na cheti hicho ndicho mlango wa kuingilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kuendelea hata bila cheti. Kwenye Baraza la Wilaya unafungua maombi rasmi, unalipa ada, na upande wa pili unapelekewa wito. Kama unahofia kutolewa kwa nguvu kabla shauri halijasikilizwa, omba pamoja na maombi hayo zuio la muda, na uambatishe kiapo kinachoeleza hatari iliyopo. Hapa pana utaalamu, nami nakushauri upate msaada wa kisheria badala ya kujaribu mwenyewe. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada kwa wasio na uwezo, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa karibu na unapoishi. Asiyeridhika na uamuzi wa Baraza la Wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Kabla ya kufungua shauri, jipime kwa uaminifu. Kama mkataba wako umekwisha kihalali na unachotaka ni kubaki tu, utatumia ada, nauli na siku za kazi kwa shauri ambalo lina nafasi ndogo, huku kodi ya siku unazokaa ikiendelea kuhesabiwa juu yako. Kama unadai kutolewa kabla ya muda, mali iliyopotea, au kodi uliyolipia miezi usiyokaa, hapo una shauri lenye miguu. Dai la fedha peke yake, kwa mfano dhamana isiyorudishwa, linaweza pia kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo kama deni la mkataba.

Siku ya kukabidhi funguo

Wiki moja kabla, mwombe mwenye nyumba mpite pamoja chumba kwa chumba mchana wenye mwanga. Rangi iliyofifia na bawaba iliyolegea kwa miaka ni uchakavu wa kawaida na haupaswi kukatwa kwenye dhamana. Kioo kilichovunjwa na mpira wa mtoto ni juu yako, na ni nafuu kuita fundi mwenyewe kuliko kukatwa kwa bei ya kukisia. Piga picha kuta, sakafu, dari, sinki na choo.

Lipa bili ya maji ya mwezi wa mwisho na uhifadhi risiti. Kwa umeme, andika namba ya mita ya LUKU na uniti zilizobaki. Kama mita ina deni, mkubaliane ni la nani, kwa sababu deni hilo hukatwa kwa yeyote atakayenunua umeme baada yako. Katika nyumba mnazochangia mita, pata kauli ya wapangaji wenzako kwamba hudaiwi, kabla kirikuu ya kubebea vyombo haijafika na watu hawajaanza kukumbuka madeni.

Funguo zikabidhiwe kwa maandishi, idadi yake itajwe, na karatasi hiyohiyo itamke kwamba mpangaji hadaiwi kodi, na dhamana ya kiasi fulani imerudishwa au itarudishwa tarehe fulani. Bila karatasi ya funguo, mwenye nyumba anaweza kudai baadaye kwamba uliendelea kushikilia chumba. Ukimaliza hapo, pitia ofisi ya mtaa unaouhama uchukue barua ya utambulisho, kwa kuwa mwenyekiti wa mtaa unaohamia ataiulizia, na mwenye nyumba mpya mwenye busara ataiulizia pia.